EDM ni muziki wote wa kuchezea wa kielektroniki au ni aina moja tu? Naombeni mnifafanulie

mpenda_besi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada manake hili swali nimekaa nalo wiki nzima. Nilitengeneza miksi ya saa moja nikaipandisha mtandaoni, kwenye maelezo nikaandika tu "miksi ya EDM", sikuwaza sana, kwangu mimi EDM ilikuwa ni muziki wowote wa kuchezea uliotengenezwa kwa mashine na kompyuta basi. Akaja jamaa mmoja kwenye maoni akasema hii sio EDM, hii ni hausi, acha kuwatukana waliouanzisha. Kutukana! Sikumwelewa kabisa. Akaja mwingine akamjibu we ndo hujui, hausi nayo ni EDM, wakaanza kurushiana maneno pale chini mpaka muziki wenyewe hakuna hata mmoja aliyeuzungumzia.

Nimejaribu kusoma nimekuta kila mtu na lake. Kuna wanaosema EDM ni mwavuli, kirefu chake chenyewe ni muziki wa dansi wa kielektroniki kwahiyo chini yake wamo hausi, tekno, transi, dabstepu, drami na besi, wote. Wengine wanasema hapana, EDM ni ule wa matamasha makubwa tu, ule ngoma zinapanda zinapanda zinazidi kukimbia halafu kimyaaa, halafu dropu, watu elfu kadhaa wanaruka kwa pamoja. Sasa kwenye miksi yangu hamna dropu hata moja ya hivyo, biti inatembea tu mwanzo mwisho, piano, na sauti za kuimba zinakuja zinapotea.

Kwahiyo nani yuko sahihi? Na kwanini jina tu liwaume watu kiasi kile? Nauliza kwa nia njema kabisa.

fundi_wa_sinta

Mkuu wote wawili wako sahihi ndo maana ugomvi hauishi. Hizo herufi tatu zina maana mbili na kila mtu kaishika yake.

Maana ya kwanza ni ya kirefu chake, muziki wa dansi wa kielektroniki. Hiyo ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani, kuna kundi la Uingereza linaitwa Landscape, mmoja wao ni Richard James Burgess, mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuwa wanachapa EDM kabisa kwenye singo zao. Ila halikushika. Miaka yote ya 80 na 90 mtu wa klabu akikuuliza unapiga nini ulimjibu hausi, tekno, jango, transi, kila kitu kwa jina lake, hakuna aliyesema napiga EDM.

Marekani ndo walikuwa na shida ya jina la kuuzia. Miaka ya katikati ya 90 kwenda mwisho lebo, yaani kampuni za kurekodi, zilijaribu "elektronika", The Prodigy na Chemical Brothers, makundi ya Uingereza, wote wakatiwa kapu hilo, na 1997 albamu ya Prodigy ikashika namba moja Marekani, ikaonekana sasa mlango umefunguka. Baada ya muda jina likachuja. Halafu kuanzia kama 2009, 2010 hivi ndo wimbi la pili, dijei David Guetta anatengeneza nyimbo na mastaa wa R&B na hip hop, madijei wengine kina Skrillex, Deadmau5, Swedish House Mafia, Avicii, tamasha la Electric Daisy Carnival linahamishwa kutoka Los Angeles kwenda Las Vegas 2011, hela zinamwagika, na hapo zile herufi EDM zikarudi zikiwa jina la biashara nzima. Na kwa kuwa wengi ndo walilisikia kwa mara ya kwanza kipindi hicho, likagandana na sauti ya kipindi hicho, hiyo ya kupandisha na kudondosha unayoisema. Hiyo ndo maana ya pili.

Kwahiyo aliyekwambia hausi ni EDM anasoma kirefu, aliyekwambia sio EDM anasikia mwaka 2012. Angalia hata wenye tuzo, Grammy wana kipengele cha dansi tangu 1998 na baadaye wakaongeza neno elektroniki, jarida la muziki la Marekani Billboard walipoanzisha chati yao mpya Januari 2013 wakaiita ya dansi na elektroniki, EDM yenyewe ilikuwa imevuma kila kona mwaka huo lakini hawakuliweka. Mi nadhani walijua litapita.

santuri_kwa_santuri

Fundi kaeleza vizuri historia ya herufi, ila swali la pili la mpenda_besi ndo zito na hajalijibu. Kwanini linauma.

Kaka, inabidi urudi Chicago. Mwaka 1977 ilifunguliwa klabu inaitwa Warehouse, neno lenyewe maana yake ghala, dijei akaletwa kijana wa New York anaitwa Frankie Knuckles. Waliokuwa wanaingia mle wengi walikuwa weusi na walatino, wengi mashoga, watu ambao klabu nyingine za mji huo haziwataki au zinawapangia foleni mpaka wanachoka wanaondoka. Anapiga disko, soul, vitu vya sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) kutoka Ulaya, anakata tepu anaziunga upya ili sehemu tamu irefuke. Sasa chukua na hii, tarehe 12 Julai 1979, mji huohuo wa Chicago, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, dijei mmoja wa redio aliwaambia watu waje na santuri za disko zilipuliwe katikati ya uwanja, zikalipuliwa kweli, watu wakavamia uwanja na mechi ya pili ya usiku ule haikuchezwa. Ukisikiliza watu waliokuwepo enzi zile wanakwambia hawakubeba disko peke yake, walibeba santuri yoyote ya mtu mweusi. Lebo kubwa zikaanza kuikimbia disko. Yaani muziki umechomwa hadharani, na kilomita chache tu kutoka hapo kuna ghala ambalo kila wikiendi unaendelea kupigwa na unageuzwa kuwa kitu kipya.

Hicho kitu kipya ndo hausi. Inavyosimuliwa jina limetoka kwenye hiyohiyo Warehouse, watu walikuwa wanaenda madukani kuulizia ule muziki wa kule 'House. Umeona? Jina lenyewe ni anwani. Kila ukisema hausi umetaja lile jengo na wale watu, hata kama hujui.

Sasa EDM ni anwani ya wapi? Hakuna. Ni maelezo ya jinsi kitu kilivyotengenezwa, ni sawa na mtu akuulize unaitwa nani ujibu "mimi binadamu". Ndo maana yule jamaa akasema kutukana, alikosea kukusema vibaya wewe ambaye hukujua, lakini maumivu yake yana sababu. Lilipokuja wimbi la 2010 kwenye mabango makubwa ya Marekani ulikuwa unaona majina ya wadachi, wasweden, wafaransa, na wale wa Chicago na Detroit ambao bado walikuwa hai na bado wanapiga, hawapo, au wapo jukwaa la pembeni saa 10 jioni. Frankie Knuckles alifariki Machi 2014, katikati kabisa ya kilele cha hizo hela. Mi siku ile nililia, sitanii.

dropu_bila_aibu

Nina heshima kubwa kwa uliyosema dada, ila hapa naomba nisimame upande mwingine.

Mimi nimeingilia mlango wa EDM. Nilikuwa na miaka 15, wimbo wa Avicii ndo ulinifanya nitake kujua hii sauti inatengenezwaje, nikapakua programu, nikaanza kubonyeza bonyeza. Kutoka kwa Avicii nikafika kwa Daft Punk, wale wawili wa Ufaransa, kutoka kwa Daft Punk nikafika Chicago kwasababu wao wenyewe wana wimbo unaotaja majina ya waliowafundisha. Bila ule mlango mpana wa matamasha na redio mimi Ron Hardy, dijei wa Chicago wa enzi zile, nisingemsikia mpaka leo. Kwahiyo watu wakiitamka EDM kama kitu cha kutemea mate huwa inaniuma na mimi, kwasababu wanautemea mlango niliopitia.

Halafu hili la jina la kuuzia tuliangalie vizuri. Tekno je? 1988 lebo moja ya Uingereza iliandaa mkusanyiko wa vijana wa Detroit, Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson na wenzao, na ulitaka kuitwa hausi ya Detroit kwasababu hausi ndo ilikuwa inauza Uingereza wakati huo. Dakika za mwisho ikabadilishwa ikaitwa tekno. Hapo pia kulikuwa na watu wanataka kuuza santuri, kulikuwa na soko, kulikuwa na bango. Kwahiyo kama kosa la EDM ni kuwa ni jina la biashara basi tekno nayo tuifute.

santuri_kwa_santuri

@dropu_bila_aibu nimefurahi umeileta hiyo ya 1988 manake umesahau kipande kimoja. Ilibadilishwa kwasababu Juan Atkins alipeleka wimbo wake kwa ajili ya ule mkusanyiko na wimbo ameuita Techno Music. Neno alikuwa nalo tangu zamani, alilitoa kwenye vitabu vya mwandishi wa Marekani Alvin Toffler, anakotaja waasi wa tekno, na ukisikiliza mashine zao unaelewa kwanini, hao ni vijana wa mji wa viwanda vya magari wanaangalia maroboti yanachukua kazi za wazazi wao halafu wao wanazigeuza mashine ziwaimbie. Soko lilikuwepo ndio, lakini jina walilitoa wao wenyewe. Waliambiwa nyie ni tawi la hausi, wakasema hapana sisi ni hiki.

Tofauti yangu mimi na EDM ni hiyo tu. Sio hela. Ni nani alikaa akalichagua.

Na mlango uliopitia siutemei mate, naomba uniamini. Mtu akifika, kafika.

fundi_wa_sinta

Hapo umenigusa dada. Niongeze na upande wa mashine manake nao unasema hilohilo. Roland TB-303, mashine ndogo ya kupiga besi, ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 80 ili mpiga gitaa awe na besi ya kumsindikiza akifanya mazoezi, haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, haikuuza, 1984 wakaacha kuitengeneza, zikawa zinauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Ndo vijana wa Chicago wakaweza kuipata. DJ Pierre na wenzake wa kundi la Phuture wakaanza kuzungusha vitufe wakati inalia, kitu ambacho kitabu cha maelekezo hakikukwambia ufanye, ikatoa ile sauti ya kukoroma na kulia kama kitu hai, wakampa tepu Ron Hardy wa klabu ya Music Box, inasimuliwa alipoipiga mara ya kwanza watu walitoka uwanjani, akairudia usiku uleule, mara ya nne watu wakapagawa. Ikatoka 1987 na aina nzima ya hausi ya asidi ikazaliwa hapo. Wenye mashine ile walishaitupa.

Na kuhusu majina kuna hadithi moja naipenda sana. Uingereza 1994 serikali ilitaka kuzuia dansi za usiku kucha za porini, sasa sheria lazima iseme inazuia muziki gani. Wakaandika kwamba ni pamoja na sauti ambazo kwa sehemu kubwa zinatambulika kwa mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Fikiria, watu tunabishana miaka 30 nini maana ya huu muziki, bunge likaja na mstari mmoja. Kundi la Autechre wakajibu mwaka huohuo kwa kutoa wimbo ambao mapigo yake yamepangwa mzunguko mmoja usifanane na mwingine, ili wapigaji waweze kuupiga kihalali.

Hiyo kitu huwa naikumbuka kila nikisikia mtu wa nje anauwekea muziki jina la jumla jumla. Sio kila mara anataka kuuza, saa nyingine anataka kuuzuia.

mdundo128

Samahani naingilia, mi ni dijei na naomba nimsaidie mtoa mada kwa vitendo manake historia tamu lakini kesho anataka kupandisha miksi nyingine. Hivi ndo mi natenganisha, kwa sikio na kwa saa.

Sikiliza dundo kwanza, ile ngoma nzito ya chini. Likilia kila pigo, moja mbili tatu nne bila kukosa, na unahesabu kama 118 mpaka 130 kwa dakika, na kuna kitu cha roho ndani, sauti ya mtu, kinanda, besi inayobembea, hapo uko hausi. Dundo lilelile lakini gumu, sauti za kuimba chache au hamna, umekaa ndani ya mzunguko mmoja dakika 7 na unabadilika polepole mno mpaka huoni, kasi 125 na kuendelea hata 145, hiyo ni tekno. Transi nayo dundo lilelile, 130 hadi 140, ila melodi ndo inabeba kila kitu, inapanda kama mtu anapanda mlima halafu ngoma zinatoka kabisa unabaki na vinanda hewani.

Dabstepu hesabu ni 140 lakini sneya, ile ngoma kali ya juu, inaanguka pigo la tatu tu kwahiyo mwili unasikia 70, nzito, polepole. Ile ya asili ilitoka kusini mwa London, Croydon, mwanzoni mwa 2000, giza na nafasi nyingi, ile ya Skrillex iliyozoa Grammy 3 mwaka 2012 ni mjukuu wake mwenye kelele. Drami na besi ni 170 na ushee, ngoma zimekatwakatwa, nyingi zinatoka kwenye sekunde kama 6 za ngoma alizopiga Gregory Coleman wa The Winstons mwaka 1969. Sekunde 6 hizo zimezaa maelfu ya nyimbo na mwenyewe hakulipwa kwa hilo. Na ukitaka kuona kanuni ya dundo kila pigo inavunjwa na bado watu wanacheza mpaka jasho, sikiliza gqom, muziki wa dansi wa Durban, Afrika Kusini.

Sasa EDM ya matamasha, hiyo ya maana ya pili ya fundi, huitambui kwa dundo maana ni lilelile la hausi, 126 mpaka 128 mara nyingi, ndo maana hata mimi natumia hilo jina humu. Unaitambua kwa umbo. Kupandisha, sneya zinaongezeka mara mbili, tena mara mbili, sauti inayopaa, kimya, dropu. Wimbo mzima umejengwa kuzunguka ile sekunde moja ya kimya. Ukiwa uwanjani na watu wengi inafanya kazi, mwili hauna ubishi. Ila ukiwa unapiga masaa 4 kwenye klabu ndogo huwezi kuwapa watu dropu 60, watakufa.

mpenda_besi miksi yako ina kasi gani?

mpenda_besi

Inaanza 120 inaishia 124. Piano nyingi, kwaya kwenye nyimbo 3, hamna kimya cha kupandisha hata kimoja.

Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea. Nimesoma yote mara 2. Hii ya jina kuwa anwani imenikaa, manake nyimbo 2 humo ndani ni za Chicago kabisa, za miaka ya 80, na mimi nikaziandikia herufi 3 ambazo walioziimba nyimbo hizo hawakuwahi kuzitumia. Nimeshabadilisha maelezo, nimeandika hausi, na chini nimeweka orodha ya nyimbo zote na nani kazitengeneza na mwaka. Yule jamaa nimemwandikia kumshukuru pia.

@dropu_bila_aibu na wewe sijakusahau, plelisti yangu ya mazoezi ina Avicii na itabaki kuitwa EDM.

Ila kuna wimbo mmoja sijui niuweke wapi, dakika ya 41, sauti ya mwanamke kama anaimba kanisani, besi laini sana, kinanda cha ogani. Nimeuita hausi ya Chicago.

santuri_kwa_santuri

Nimesikiliza sasa hivi. Orodha umeiandika vizuri mno, kila mtu angefanya hivyo.

Dakika ya 41 sio Chicago kaka. Hiyo ogani na hiyo sauti iliyoachiwa iimbe mpaka mwisho bila kukatwa ni damu ya New York na New Jersey. Hao wana jina lao, wanaita garaji, kutoka klabu ya Paradise Garage alikokuwa anapiga Larry Levan, 1977 mpaka 1987. Levan na Knuckles walikuwa marafiki tangu ujana, wamejifunza kazi pamoja. Inasemekana kazi ya Warehouse alitakiwa kwanza Levan akakataa kuhama New York, ndo akaenda Frankie.

Badilisha hiyo mstari mmoja tu. Halafu irudie uisikilize ukiwa unajua.